Spana Inayopima: Historia Yake, na Jinsi ya Kuichagua kwa Gari la Nyumbani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Msimamizi wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla ya somo kuanza, na wanafunzi wayasome kwa sauti: nati, bolti, hesi, wenzo, mkazo, spana ya kipimo.

Fungueni madaftari yenu, na kila mmoja awe na penseli iliyochongwa, kwa kuwa leo mna hesabu ndogo ya kufanya.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme. Ni historia ya chombo cha chuma kiitwacho spana ya kipimo. Spana hii hukaza nati kama spana nyingine, lakini pia hukuambia umekaza kwa nguvu kiasi gani. Siku hizi wako watu wengi Songea na vijijini wenye gari dogo au pikipiki, na wengi hubadilisha gurudumu na kumwaga oili wenyewe nyumbani. Mwisho wa somo utajua ukienda dukani uchague spana ipi.

Huenda utauliza, historia yanihusu nini mimi niliye na gari bovu uani? Jibu ni hili. Kila chombo kiliundwa ili kuondoa taabu fulani. Mtu asiyeijua taabu hiyo hununua kwa kutazama rangi na bei tu. Anayeijua hununua kwa akili.

SONGEA NA BARABARA ZAKE

Mji wa Songea ulianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwaka 1897. Jina lake ni la Songea Mbano, nduna wa Wangoni, aliyenyongwa pamoja na wenzake tarehe 27 Februari 1906 katika Vita vya Majimaji. Hayo mmekwisha kujifunza. Leo kumbukeni jambo jingine: reli haikufika Songea. Wajerumani walijenga reli ya kati, ikafika Kigoma mwaka 1914. Waingereza walijenga reli ya kusini kutoka Mtwara hata Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975, yapita Makambako, karibu kilomita 300 kutoka Songea.

Basi kila kilichoingia Songea na kila kilichotoka kilipita barabarani. Kwanza kichwani mwa wapagazi, kisha juu ya malori. Tumbaku ya Ungoni na kahawa ya Umatengo ilipanda lori. Vijana waliokwenda mbali kutafuta kazi ya mkonge, ambao wakubwa wao walitembea kwa miguu siku nyingi, nao walipanda lori. Dereva na utingo wake walikuwa watu wa maana sana, na fundi wa gereji alikuwa kama mganga.

Barabara zilikuwa za udongo. Wakati wa masika lori lilizama. Wakati wa kiangazi lilitikiswa na makorongo kutwa nzima. Lami kutoka Makambako ilifika Songea katika miaka ya 1980, na watu wakashukuru. Lakini angalia: barabara ya udongo humtesa fundi kwa mtikisiko, na barabara ya lami humtesa kwa mwendo. Mtikisiko huitafuta nati iliyokazwa kidogo na kuilegeza. Mwendo mkubwa hufanya kosa dogo kuwa msiba.

Fikiri gari linateremka mlima Lukumburu, nalo limejaa watu. Kila gurudumu limeshikwa na nati tano au sita tu, kila moja ndogo kuliko yai la kuku. Maisha ya watu wale yote yako juu ya nati hizo.

Wengi wajua ya kuwa nati iliyolegea huua. Wachache huamini ya kuwa nati iliyokazwa kupita kiasi nayo huua. Ili kulielewa hilo, hatuna budi kujua bolti hufanya kazi namna gani.

HESI ZILIVYOPATA KANUNI

Chukua bolti, itazame. Ile mistari inayozunguka kama nyoka juu ya mti huitwa hesi. Zamani kila fundi wa Ulaya alichonga hesi kwa namna yake. Nati ya bolti hii haikuingia katika bolti ile, hata zikiwa za mashine moja. Karibu na mwaka 1800 fundi Mwingereza aitwaye Henry Maudslay alitengeneza mashine nzuri ya kukata hesi zilizo sawasawa. Kijana mmoja aliyepata kufanya kazi katika karakana yake, Joseph Whitworth, mwaka 1841 alipendekeza kanuni moja ya hesi kwa Uingereza nzima. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza kanuni nyingine kwa nchi yake. Mwaka 1898 mataifa ya bara la Ulaya yalikutana Zürich, Uswisi, yakakubaliana juu ya hesi za milimita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza na Wamarekani walipata taabu kubwa, kwa kuwa vyuma vya mmoja havikuingia katika mashine za mwenziwe. Mwaka 1948 wao pamoja na Kanada wakatia sahihi mapatano ya hesi za namna moja.

Mapatano hayo ya mbali yaligusa gereji za kwetu. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, pamoja na malori ya Bedford na Leyland yalikuja na hesi za inchi. Baadaye magari ya Kijapani yalikuja na hesi za milimita. Kwa hiyo fundi wa Songea alihitaji seti mbili za spana, na aliyekuwa na moja tu alikula kona za nati. Wengine walitumia spana ya kupanuka, ile ambayo mafundi wetu wameipa jina la utani lisilofaa kutamkwa darasani.

Sasa sikiliza neno lililo muhimu kuliko yote. Unapokaza nati, bolti haikai tu kama msumari. Hunyooka. Hunyooka kidogo mno, jicho halioni, lakini hunyooka kama mpira unaovutwa. Na kwa kuwa yataka kurudi katika urefu wake, huvibana vitu viwili pamoja. Kubana huko ndiko kunakoshika gurudumu. Bolti ikivutwa kidogo, haibani, na mtikisiko utailegeza. Ikivutwa mno, hupita mpaka wake, nayo hairudi tena, kama mpira wa suruali uliochoka. Kwa macho yaonekana nzima, kumbe imekwisha. Siku moja itakatika, wala haitakuaga.

Kwa hiyo fundi mwenye mkono wa nguvu sana si lazima awe fundi mzuri.

HESABU YA NDOO YA MAJI

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alikuwako Mgiriki mmoja, jina lake Archimedes, aliyeeleza kanuni ya wenzo. Alionyesha ya kuwa nguvu ndogo kwenye wenzo mrefu ni sawa na nguvu kubwa kwenye wenzo mfupi. Spana ni wenzo. Nguvu ya mkono ukizidisha kwa urefu wa spana, wapata kile tunachokiita mkazo.

Shika penseli. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka nati za magurudumu zikazwe kwa mkazo wa nyutoni mita 103. Usiogope jina hilo. Maana yake ni kama kilo 10 na nusu zilizoning'inizwa mwishoni mwa spana ya mita moja. Spana ikiwa nusu mita, kilo zitakuwa mara mbili, yaani kilo 21.

Kilo 21 ni nini? Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20, na ndoo yenyewe ni kama kilo moja. Basi ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikining'inia kwenye spana iliyolala, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, ndiyo mkazo anaoutaka mtengenezaji wa gari. Hakuna zaidi.

Sasa tazama tufanyavyo. Mtu wa kilo 70 asimama juu ya spana ya tairi yenye sentimita 35. Zidisha 70 kwa 0.35. Umepata 24.5. Twataka 10.5, yeye ametia 24.5. Ni zaidi ya mara mbili! Tena wengine huchomeka bomba la chuma ili spana iwe mita moja, kisha husimama juu yake. Hapo ni 70 mahali pa 10.5. Kisha twashangaa bolti ikikatika, au mama aliyepata pancha njiani akishindwa kuifungua nati hata kwa kulia.

BWANA WA IDARA YA MAJI

Mafundi wa zamani walitegemea mkono. Fundi aliyezoea huijua nati kwa kiganja chake, na heshima hiyo hatuiondoi. Lakini mkono wa asubuhi si mkono wa jioni, na mkono wa mwalimu si mkono wa mwanafunzi.

Katika mji wa New York, Marekani, alikuwako mtumishi wa idara ya maji, Conrad Bahr. Kazi yake ilikuwa juu ya mabomba makubwa ya maji. Mabomba hayo huunganishwa kwa duara za chuma zenye bolti kuizunguka. Bahr aliudhika kuona bolti moja imekazwa sana na jirani yake imelegea. Penye bolti zisizo sawa, duara hukaa upande, na maji huvuja. Yeye mwenyewe alisema kwamba mwaka 1918 alikwisha kuunda chombo cha kuzuia mkazo usipite kiasi.

Mwaka 1931 John Sharp wa Chicago aliomba hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa spana iliyoonyesha mkazo kwa kipimo. Mwaka 1935 Bahr na mhandisi George Pfefferle walikuja na hati ya spana iliyotoa sauti ilipofika mkazo uliotakiwa. Miaka hiyohiyo kampuni ya magari ya Chrysler ilikuwa ikitafuta njia ya kukaza bolti za injini sawasawa, na Paul Sturtevant akapewa ruhusa ya kutengeneza na kuuza spana yenye ulimi na mshale. Hati yake ni ya mwaka 1938.

Je, waona? Chombo hiki kilianzia kwenye maji yaliyovuja, kikaenda kwenye injini. Taabu ni ileile: bolti nyingi zinazotakiwa kushika kwa pamoja, kila moja sawa na mwenziwe. Kifuniko cha juu cha injini kikikazwa upande mmoja zaidi, gasketi huungua, maji na oili huchanganyika, nawe wauza mbuzi kulipa gereji.

KUCHAGUA SPANA

Sasa twende dukani. Iwe ni duka la vipuri mjini Songea, au umemtuma ndugu yako Gerezani, Dar es Salaam, mambo ya kutazama ni haya matano.

La kwanza, aina. Ziko aina tatu unazoweza kuziona. Aina ya ulimi na mshale ni ya zamani na nyepesi kuelewa: mpini hupinda kidogo, mshale hubaki mahali pake, nawe wasoma namba. Haina springi ya kuchoka, na mshale ukipinda waweza kuunyoosha urudi kwenye sifuri. Ubaya wake ni kwamba lazima macho yawe juu ya namba, jambo gumu ukiwa umelala chini ya gari. Aina ya pili ni ya mlio. Wazungusha mpini mpaka namba uitakayo, na mkazo ukitimia husikia "tak!" na mkono huhisi. Ni ya haraka, nayo ndiyo inayopatikana kwa wingi madukani. Ubaya wake ni springi iliyo ndani: isipotunzwa, hudanganya. Aina ya tatu ni ya umeme wa betri yenye kioo cha namba. Ni nzuri, lakini betri ikiisha ni chuma tu. Kwa mtu wa nyumbani, moja ya zile mbili za kwanza yatosha.

La pili, kiasi inachopima. Hapa ndipo wengi hupotea. Hununua spana kubwa kuliko zote, wakidhani kubwa ni bora. Spana ya kipimo haiaminiki karibu na mwanzo wa namba zake. Chagua ile ambayo namba uitakayo iko katikati. Kwa nati za magurudumu ya gari dogo, spana ya nyutoni mita 40 hata 200, yenye kichwa cha mraba wa nusu inchi, yafaa. Lakini usiitumie kwa plagi ya injini, ambayo mara nyingi hutaka kama 20 tu, wala kwa bolti ndogo za pikipiki. Kwa hizo yatakiwa spana ndogo, yenye kichwa cha inchi 3/8 au robo inchi. Mwenye pikipiki tu aanze na ndogo. Mwenye gari aanze na kubwa.

La tatu, lugha ya namba. Vipimo vina lugha tatu. Magari ya Kiingereza ya zamani husema pauni futi. Vitabu vya Kijapani vya zamani husema kilo na mita. Vitabu vya sasa husema nyutoni mita. Andika daftarini: pauni futi 1 ni nyutoni mita 1.36, na kilo moja kwa mita moja ni nyutoni mita 9.8. Kwa hiyo 103 za nyutoni mita ni 76 za pauni futi. Mtu akisoma 103 kitabuni, kisha akaiweka spana yake kwenye 103 za pauni futi, atakaza theluthi moja zaidi, naye atadhani amefuata kitabu. Nunua spana yenye nyutoni mita zilizochongwa kwenye chuma, si zilizobandikwa kwa karatasi.

La nne, usahihi. Tafuta maandishi ya asilimia. Nyingi za mlio husema asilimia 4 juu au chini, yaani ukitaka 100, itakupa kati ya 96 na 104. Hiyo yatosha. Spana njema huja na karatasi ya kupimwa yenye namba ileile iliyochongwa kwenye mpini. Namba zikitofautiana, rudisha.

La tano, mpini. Ushike. Ufungio wa namba ufunge barabara, na kichwa kisicheze.

Ukiwa na shaka, ndoo yetu itakusaidia. Bana kichwa cha mraba katika jiliwa, mpini ulale sawasawa na ardhi. Ning'iniza taratibu ndoo ya kilo 21 kwenye mshiko, sentimita 40 kutoka katikati ya kichwa. Hesabu yake ni nyutoni mita 82, na uzito wa spana yenyewe huongeza kidogo. Ukiiweka kwenye 80 lazima ilie. Ukiiweka kwenye 100 isilie. Ikilia kwenye 100, au ikinyamaza kwenye 80, usiiamini. Hiki si kipimo cha maabara, lakini humfichua mwongo mkubwa.

KUITUMIA NA KUITUNZA

Soma kwanza kitabu cha gari lako, maana kila gari lina namba yake. Safisha hesi kwa brashi. Usitie oili wala grisi kwenye hesi za gurudumu kama kitabu hakikusema. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wako huliwa na msuguano, na karibu sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayoivuta bolti. Ukitia oili, msuguano hupungua, na mkazo uleule utaivuta bolti kupita kiasi.

Anza nati zote kwa mkono. Kaza kwa kuruka, kama unachora nyota, wala usizunguke duara. Shusha jeki, kisha malizia kwa spana ya kipimo. Ikilia mara moja, acha, usiongeze "kidogo cha baraka." Ukisha kwenda kilomita 50 hata 100, simama uzipime tena.

Usiitumie kufungulia nati iliyoshika kutu. Hiyo ni kazi ya spana ya kawaida. Spana ya mlio irudishwe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuwekwa kwenye sanduku, ili springi ipumzike. Isiangushwe. Kanuni ya kimataifa yasema ipimwe upya baada ya miezi 12 au kazi 5,000.

Wapenzi wanafunzi, najua bei ya chombo hiki ni nzito kwa wengi. Lakini haitumiki kila siku. Watu kumi wa mtaa mmoja, au darasa lenu, mwaweza kuchanga na kununua moja, mmoja wenu akaitunza na kuandika daftarini nani ameichukua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa leo ni gharama ya injini, au kaburi.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini barabara ilikuwa na maana kubwa kwa watu wa Songea kuliko kwa watu wa Kigoma?
2. Nati iliyokazwa kupita kiasi ina hatari gani? Eleza kwa mfano wa mpira.
3. Mtu wa kilo 60 asimama kwenye spana ya sentimita 40. Je, amepita 10.5 au hakupita? Kwa kiasi gani?
4. Conrad Bahr alikuwa na taabu gani katika kazi yake?
5. Jirani yako ana pikipiki tu. Mshauri spana ya kununua, nawe umpe sababu.

Jibuni kwa pamoja, kisha kila mtu aandike majibu kwa mkono wake. Kwaherini, mpaka somo lijalo.